Lugha ya kuongewa kwa miadi

Kila Jumanne saa moja jioni, ghorofani kwenye mkahawa mmoja hapa Galway, magharibi mwa Ayalandi, watu saba au wanane huvuta viti, huagiza chai, kisha hunyamaza. Wamekuja kuongea, na hakuna shughuli nyingine iliyowaleta. Mwenye kikundi anatazama saa, anatabasamu, anauliza hali ya hewa ikoje. Mvua inanyesha. Wa kwanza anasema ni kubwa. Wa pili anasema ya jana ilikuwa kubwa zaidi. Wa tatu, dada mmoja Mbrazili, anatafuta neno la mwavuli, halipati, anacheka peke yake. Zamu inafika kwangu nami nasema ndiyo, mvua inanyesha, mwaka wa pili huu.

Wenyewe wanaita *ciorcal comhrá*, duara la mazungumzo. Unakwenda hapo kama unajifunza Kiayalandi, lugha ambayo wenyeji huiita *Gaeilge*, na huna mtu wa kuongea naye.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Nimekulia mahali ambapo mazungumzo hayakuwa na siku wala kiti cha kukodi. Unatoka nje kununua mkate, unarudi baada ya saa nzima, na mkate umeusahau. Kwa hiyo jioni ile ya kwanza ghorofani niliwaonea huruma, na sikuona haya kuwaonea. Nilijiambia: hawa wamefika mahali wanaweka miadi ili waseme lugha ya bibi zao.

Waswahili wenzangu wa Dublin hawaachi kuniuliza: Kiayalandi cha nini, ndugu yangu, na kila mtu huko anajua Kiingereza? Jibu langu ni chumba cha chai. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki upande wa bandari ya Ros an Mhíl, magharibi mwa Galway, mwendo wa kama saa moja kwa basi. Ule ni ukanda wa *Gaeltacht*, sehemu ambazo lugha hii bado inazungumzwa majumbani. Wazee wa pale wakikaa kunywa chai wanaongea Kiayalandi, tena kwa kasi, wanakatizana, wanacheka. Mimi nikifungua mlango, wanahamia kwenye Kiingereza. Wote, papo hapo, kama taa zimezimwa. Wanafanya hivyo kwa heshima, nisijione nimetengwa. Lakini hebu fikiria kuwa wewe ndiwe mtu ambaye kila akiingia chumbani lugha inakufa. Nilivumilia miezi minne, mwezi wa tano nikaenda kununua daftari.

Sasa tatizo si kwamba watu hawapo. Katiba yao ya mwaka 1937 inaitaja Gaeilge kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Umoja wa Ulaya uliifanya lugha rasmi mwaka 2007. Vibao vingi vya barabarani vina lugha mbili, na mtoto huisoma tangu anapoanza shule ya msingi hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, isipokuwa aliyepewa ruhusa ya kuiacha. Katika sensa ya 2022 watu 1,873,997 walisema wanaijua. Ukauliza ni wangapi wanaiongea kila siku nje ya shule, unapewa 71,968. Yaani uujaze Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam, elfu kumi na mbili hivi wabaki nje getini, umewamaliza. Hao milioni moja na laki nane waliobaki wako wapi? Wako kila mahali. Ndiye dereva wa basi, ndiye muuza duka, ndiye msimamizi wangu. Wanayo, ila wameifungia kabatini.

Na wameifungia kwa sababu ya haya. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba unajifunza Kiayalandi, kwanza anafurahi, halafu uso unambadilika kama mtu aliyekumbushwa deni. Ataniambia alisoma miaka kumi na tatu na hajui kitu. Si kweli, anajua. Nimewabana kadhaa, wakatoa sentensi nzuri kuliko zangu. Ila walifundishwa lugha kama hesabu, ya kukosea na kusahihishwa kwa wino mwekundu, na mtu haendi kukaa kibarazani na hesabu.

Haya hiyo ina historia ndefu. Njaa kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua na kuhamisha watu wengi zaidi magharibi na kusini, ndiko lugha ilikokuwa na nguvu. Waliobaki walijua watoto wao wataishia kwenye meli, na meli za Amerika hazikutaka Gaeilge. Kulikuwa na kijiti, *bata scóir*, mtoto alivishwa shingoni, na kila akisema Kiayalandi kilichongwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, akachapwa kwa idadi yake. Mzee mmoja aliponisimulia habari hiyo alidhani ananishangaza. Nikamwambia sekondari niliyosoma mimi, aliyekutwa anaongea Kiswahili alivishwa kibao cha mbao, na hakukivua mpaka amkamate mwenzake. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba basi wale mafundi seremala walikuwa ndugu.

Kwetu mgeni anajifunzaje Kiswahili? Nimewaona. Alikuja kijana mmoja wa Kidenmaki, mfanyakazi wa kujitolea, akapanga chumba mtaani kwetu. Siku ya kwanza alisema "shikamoo" kwa mtoto wa miaka sita. Mtaa mzima ulicheka, mtoto akajibu "marahaba" kwa sauti ya mzee, wakacheka tena. Wiki ya pili akina mama walikuwa wanamtuma dukani kwa makusudi, ili wamsikie akiomba chumvi. Muuza kahawa alimfundisha matusi mawili na dua moja. Baada ya miezi mitano alikuwa anabishana na watu juu ya Coastal Union, timu yetu ya mpira. Hakuna aliyemfundisha. Walimtumia tu, wakamcheka, wakamsahihisha bila kumuomba radhi.

Nisijisifu sana, hata hivyo. Nenda ufukweni Zanzibar usikie mgeni anavyopewa "jambo" na "hakuna matata", Kiswahili cha dukani ambacho hakuna Mswahili anayemwambia mwenziwe. Hiyo nayo ni namna ya kumfungia mtu mlango huku unamchekea.

Hapa mlango unafungwa kwa upole mwingi. Nilikwenda duka moja huko *Gaeltacht*, sentensi nimeifanyia mazoezi basi zima, nikaomba mkate na maziwa. Mama wa dukani akanijibu kwa Kiingereza, vizuri kabisa, na bei akanitajia kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiayalandi. Akajibu kwa Kiingereza, taratibu zaidi, kama mimi ndiye nisiyejua Kiingereza. Tulikwenda hivyo mara tatu. Sijui aliona ngozi yangu au alisikia makosa yangu, na huenda foleni nyuma yangu ilikuwa imemchosha. Nililipa nikatoka.

Wenyewe wanaujua ugonjwa huu na wamebuni dawa. Ipo *fáinne*, pete ndogo ya kubandika kwenye koti, ya dhahabu kwa mjuzi na ya fedha kwa anayejifunza, ili watu watambuane barabarani. Nimeivaa ya fedha mwaka mzima. Aliyewahi kuniuliza habari zake ni mama mmoja kituoni aliyedhani niko kwenye chama cha kanisa, na mimi ni Mwislamu. Upo pia mtindo ulioanzia Dublin mwaka 2016, *Pop-Up Gaeltacht*: inatangazwa baa na saa, hakuna mwalimu wala ada, wenye lugha wanajazana humo na kuongea mpaka wachoke. Huo nausifu kwa dhati. Shida yangu ni kwamba soda moja mimi inanitosha kwa saa tatu nzima, na kufikia saa nne usiku wao wanasema Kiayalandi ambacho hata malaika hawakielewi. Galway hapa ipo Áras na nGael, Mtaa wa Dominick, ambako mtu anaweza kuingia siku ya kawaida akasalimiwa kwa lugha yenyewe na asionekane kituko.

Na salamu zao, jamani, zilinikamata moyo. Mtu akikuambia *Dia duit*, Mungu awe nawe, huruhusiwi kurudisha vilevile. Unaongeza: *Dia is Muire duit*, Mungu na Mariamu. Akitaka kukuzidi anamtia Patrick. Nikasema hawa wamesoma chuo gani? Mimi nimelelewa kwamba ukipewa salamu unaijibu kwa iliyo bora zaidi, ukiambiwa *assalamu alaykum* unaongeza rehema na baraka. Huyo Mariamu nilimfikiria siku mbili, kisha nikaona ni Bi Maryamu yuleyule wa kwetu, nikamsalimia.

Basi pete haikunifaa, duara lilinifundisha mvua, na duka lilinishinda. Kilichonifaa ni nyavu.

Karibu na kiwanda kuna banda, na ndani yake mzee mmoja mstaafu hutengeneza nyavu za watu. Siku moja basi lilichelewa nikaingia kujikinga na mvua. Nilipomwona anavyoingiza sindano nikajua kazi ile, maana mjomba wangu alinifundisha pale Deep Sea, Tanga, nikiwa na miaka tisa. Nilichukua upande wa pili wa wavu bila kuulizwa. Mzee hakuinua macho. Akasema *tarraing*. Nikavuta. Akasema *fan*. Nikangoja. *Scaoil*. Nikalegeza. *Arís*, tena. Kama nusu saa hivi. Hakuhama lugha, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye fundo, hayakuwa usoni kwangu. Alikuwa hana nafasi ya kuwa na adabu.

Tangu hapo nakwenda Ijumaa, zamu ikiisha. Redio yake haitoki Raidió na Gaeltachta, stesheni ya Kiayalandi, na kitu cha kwanza nilichoelewa mwanzo hadi mwisho kilikuwa matangazo ya vifo: jina, kijiji, saa ya mazishi. Nilikua nikisikia hayohayo Redio Tanzania, kwa sauti ileile ya kutokuwa na haraka. Siku nyingine nilisema mashua yangu, nikataja *bád* kama ilivyo kwenye kamusi. Akanikatiza: *mo bhád*, ile *b* inageuka kuwa *w*. Na mashua yao ni *a mbád*, *b* inamezwa na *m*. Wanafunzi wenzangu wa Jumanne hulia na jambo hili, neno kubadilika kichwa badala ya mkia. Mimi nilinyanyua tulichokishika nikamwambia kwetu hiki ni wavu, vikiwa vingi ni nyavu. Akalirudia mara mbili. Ijumaa iliyofuata aliniuliza, kwa Kiswahili, "nyavu?" akinionyesha rundo.

Ndiyo maana nasema wenzangu wa duara wanakosea dawa, ingawa nia yao naipenda. Wanatafuta watu wa kufanya nao mazoezi. Ukimkalisha mtu mezani ili akusikilize unavyoongea, nyote wawili mnakuwa mtihani. Kibarazani kwetu hakuna aliyekuja kuongea. Wamekuja kucheza bao, kunywa kahawa na kashata, kungoja adhana, kumsubiri anayedaiwa, na maneno yanawatoka wakiwa na kazi nyingine. Nimependekeza Jumanne tukutane tukimenya viazi. Walicheka. Mbrazili peke yake ndiye aliyeuliza tumenyee wapi.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa mshindi. Lakini mzee wa nyavu aliniuliza swali moja: lugha ya bibi yako ni hii ya nyavu? Nikajibu upesi, *is í*, ndiyo hiyo. Nikakaa na uongo huo njia nzima ya basi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbondei wa Muheza. Alinisemesha Kibondei nami nikamjibu Kiswahili, mpaka akazoea, akaacha. Hakuna aliyenivisha kibao kwa ajili ya hilo. Mjini Kibondei kilikuwa cha watu wa shamba, basi. Kwenye chumba cha chai cha bibi yangu, mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango. Kiswahili hiki ninachojivunia mbele ya Waayalandi, huko kwetu ndicho kilichofanya kazi ya Kiingereza.

Juzi nikampigia mjomba, yeye ndiye aliyebaki anayekijua vizuri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Ulaya wazima?"

"Wazima. Mjomba, nataka unisemeshe Kibondei."

Kimya. Kisha akauliza kama nimepata matatizo.

Nikamweleza habari za nyavu, za mzee, za pete. Alisikiliza yote, akasema sentensi mbili za Kibondei, nikaomba arudie, akazirudia kwa Kiswahili. Nikamwambia si hivyo, mjomba, usihame. Akajaribu tena, akahama tena. Mwishowe akakasirika kidogo.

"Kwenye simu siwezi," akasema. "Nitakuwa kama naigiza. Njoo msimu wa machungwa, tupande shambani. Utashika gunia, mimi nitakuwa juu ya mti."