Mwalimu wa Nidhamu Anakula Hesabu Yangu

Jamani, mie ni konda wa daladala, na maadui wengine wanaeleweka. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, hata kama gari limeshinda gereji. Abiria wa noti ya elfu kumi saa 11 alfajiri naye namwelewa, ana roho mbaya tu. Lakini huyu mwalimu wa nidhamu wa kituoni kwetu, ruti ya Gongo la Mboto, sijui hata nikamshitaki wapi.

Anza na nauli. Desemba 2023 LATRA, wale wapanga nauli, walipandisha ya mtu mzima kwenye ruti fupi, kutoka 500 hadi 600. Ya denti, yaani mwanafunzi? Ikabaki 200. Yaani madenti watatu ndiyo mtu mzima mmoja, na denti hapandi peke yake: anapanda na begi, na Jumatatu anaongeza ndoo na fagio la chelewa. Ndiyo maana konda mwenye akili timamu akiona mashati meupe kituoni anajua la kusema: "Wawili tu, wawili! Wengine gari la nyuma!" La nyuma nalo linasema hivyohivyo. Ni utaratibu, tumeukuta.

Basi akaja mwenyewe. Mrefu, mkavu, kaunda suti ya rangi ya ugoro, chaki mfuko wa juu. Hapigi kelele. Anaweka kiatu kimoja kwenye ngazi ya mlango, anakutazama. Mie nimetukanwa na akina mama wa Kariakoo wenye viroba, sikutikisika, lakini lile jicho! Unajikuta unaikumbuka tebo ya saba. Mkono unaachia mlango wenyewe.

"Wanaingia wangapi, kijana?"

"Wote, mwalimu. Shikamoo."

Mimi huyo! Suka ananitazama kwenye kioo kama kaona jini. Na kile kiatu hakitoki mpaka apande wa mwisho, ambaye siku zote ni katoto ka kidato cha kwanza kanakoburuzwa na begi lake.

Shujaa wa kwenye sinema walau anapaa. Huyu hapai, ndiyo shida yangu. Angepaa angewabeba mwenyewe.

Sasa subiri gari liondoke uwasikie hao waliookolewa. Wanamwita Rada. "Rada leo kanifyekesha majani kisa nimechelewa dakika moja." "Rada mnoko bwana, kila saa chomekea, chomekea." Wananing'inia kwenye bomba, wamebanwa, wanamteta mpaka kituo cha Banana. Mie nakusanya mia mbili zangu kimya. Mshahara wa kumsemea sina.

Ila ninayeyaona ni mimi. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, saa ya kutoka shule lazima umkute pale, chipsi kavu mkononi, lifti za bure kwa wasichana tu. Mie mwenyewe lifti ya bure sijawahi kupewa hata kwa makosa. Siku moja Rada akamwendea polepole, akatoa daftari, akaandika namba ya pikipiki kwa mwandiko wa ubaoni, herufi moja moja. Nilidaka maneno mawili tu: "miaka 30." Ni ile sheria ya kumpa mwanafunzi mimba, iliyokazwa mwaka 2016. Kijana akawasha pikipiki, chipsi akaziacha. Akazila mpiga debe wetu, maana huyo hana sheria inayomhusu.

Nikasema leo binti atashukuru. Rada akageuka, akamtazama kuanzia juu hadi chini: "Hizo soksi si za shule. Kesho njoo na mzazi." Binti kapanda kwangu analia, anamlaani mwalimu na ukoo wake wote, na mia mbili hakunipa.

Juzi Rada kanifuata mlangoni. Kumbe kidato cha nne wanabaki masomo ya ziada hadi saa 12 jioni, giza linaingia. "Gari lako ndilo la saa hiyo. Usimwache hata mmoja." Nikajua hapa sasa kuna chochote, nikakunjua kiganja kwa heshima zote. Akakitazama kiganja, akanitazama mimi.

"Na wewe chomekea shati."

Gari zima likacheka, mpaka yule binti wa soksi. Nimechomekea. Nifanyeje?