Viungo ndiyo mtihani
Eti roboti ya kugeuka gari ikiuzwa vipande, mtu akajiungia mwenyewe, itakuwa sawa tu na zile za Gundam, roboti za katuni ya Kijapani, ambazo kampuni ya Bandai inauza vipande tangu 1980. Wapi! Gundam nyingi husimamishwa kabatini zikatazamwa. Hii itakunjwa na kukunjuliwa kila siku, na vipande vya kubana bila skrubu huachia pale pale kwenye bawaba. Plastiki ya polistaireni ikilazimishwa huingia weupe, kisha hukatika, kwa hiyo pini ziwe za ABS, plastiki ngumu zaidi, mabega na kiuno vifungwe skrubu. Kiungo kikilegea, paka supaglu kidogo sana kwenye pini, iache ikauke kabisa ndipo uirudishe. Ukiharakisha, mkono wa roboti umeshaganda. Rangi usipake panaposuguana. Bisibisi ya saa Darajani utaipata, lakini koleo dogo la kukatia plastiki bila kuacha kovu, nani kaliona Unguja?