Mtoto wa Kidachi Hangoji Mtu

Mimi ninaishi London, na kabla ndugu wa ukoo hawajaanza kuniandikia kuhusu karo, nifafanue kwamba ni mtaa wa London ulioko hapa Nakuru, mji ambao mtu huiona Menengai bila kulipa nauli ya ndege. Nina mke mmoja, watoto watatu na oveni moja. Mke nilimtafuta mwenyewe, watoto tulijaliwa, lakini oveni ilikuja tu ikiwa imebandikwa chini ya jiko la gesi tulilonunua, na kwa miaka minne haikuwahi kuoka kitu. Ilikuwa kabati. Nyumba nyingi ninazozijua hutunza sufuria ndani ya oveni, pamoja na mifuniko isiyo na sufuria na sufuria zisizo na mifuniko, nasi hatukuona sababu ya kujitenga na majirani.

Amani hiyo ilivunjika likizo ya Aprili, binti yangu mkubwa alipoona katika simu pankeki inayookwa badala ya kukaangwa, ambayo huingia ndani ya oveni ikiwa uji na kutoka ikiwa imefura kingo zote, zikapanda juu ya chombo na kujikunja kama ukosi wa koti. Siku hiyohiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimenung'unika kwamba katika nyumba hii kifungua kinywa cha Jumapili ni chai na mkate tangu enzi za rais wa tatu. Mke wangu, ambaye husahau siku ya kodi lakini hasahau neno nililonung'unika, alinitazama kwa upole wa kutisha akasema, "Vizuri sana, baba watoto. Umepata kazi ya Jumapili." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa bila usaili na bila mshahara.

Nilikwenda dukani kununua vitu, na mwenye duka alinihoji kama karani wa mahakama. Nilipotaja unga wa ngano, mayai, maziwa na siagi, akaninyooshea pakiti ya hamira bila kuulizwa. Nikamwambia haihitajiki. "Itaumuka na nini sasa, mzee?" Nikamjibu kwamba itaumuka kwa mvuke. Akanyamaza kidogo, akawatazama wateja waliokuwa nyuma yangu, kisha akaniuzia unga unaojiumua, uliotiwa baking powder kiwandani, ili kunisaidia kwa siri. Pankeki ya kwanza ikatoka kama keki iliyosahauliwa sukari. Tangu siku hiyo husoma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa, huku nikijiuliza kwa nini unga unapanda bei namna hii ilhali ngano inalimwa Njoro na Mau Narok, hapa jirani.

Kuhusu mvuke, lakini, sikuwa ninamdanganya. Mchanganyiko wenyewe ni mwepesi kama uji wa mgonjwa: kwa watu watano mimi hupiga mayai sita, kikombe cha unga, kikombe cha maziwa na chumvi kidogo, nikauacha utulie kama robo saa ili unga unywe maziwa. Mayai na maziwa yasiwe ya baridi, sharti ambalo ni rahisi kulitimiza Kisumu kuliko Nakuru, ambako asubuhi ya Julai yai lililolala mezani huwa limeganda kuliko la kwenye friji. Wakati huo oveni inapashwa moto hadi nyuzi 220 za Selsiasi ikiwa na sufuria pana ndani yake. Hapa ndipo nilipoishukuru sufuria yetu ya Kenya isiyo na mkono, kwa sababu kikaango nilichotumia mara ya kwanza kilikuwa na mkono wa plastiki, na hadi leo dirisha la jikoni tukilifunga harufu ile hurudi kutuamkia. Sufuria ikishawaka, siagi ya vijiko vinne inatupwa ndani, ikichemka na kupiga kelele uji unamiminwa, mlango unafungwa, na kwa dakika ishirini hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Maji yaliyomo katika maziwa na mayai hugeuka mvuke kwa ghafla na kusukuma juu. Yai na unga hunyumbuka pamoja nao kama puto, kisha hukauka na kushika umbo. Anayefungua mlango mapema ili achungulie huingiza baridi kabla umbo halijashika, na puto linashuka papo hapo. Najua, kwa sababu Jumapili ya pili nilichungulia.

Nakuru, kwa kuwa iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, humsaidia mpishi kwa jambo hili na hili pekee. Maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 94, na hewa ya juu huwa nyepesi, kwa hiyo mvuke hutanuka bila wa kuukandamiza. Maharagwe yanayochelewa kuiva katika mji huu, hadi gesi inaisha yakiwa bado yanagonga meno, ndiyo bei tunayolipa ili pankeki yangu ifure. Na inafura! Taa ya ndani ya oveni iliungua siku nyingi, lakini mimi hupiga magoti sakafuni na kumulika kiooni kwa tochi ya simu, nikaona inainuka upande wa kushoto, inainuka upande wa kulia, katikati inavimba kilima, rangi inakuwa ya dhahabu halafu ya asali. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kingine maishani kilichonitii kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba katika familia yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiona.

Pankeki hii ikitolewa tu, mvuke ulioibeba hupoa na kurudi kuwa maji, nayo hunywea. Haingoji. Ukiwa na bahati una dakika mbili tangu itue mezani hadi iwe imelala kama godoro la bweni. Kwa hiyo mpishi anahitaji watu waliokwisha kukaa, wenye sahani mbele yao na macho wazi, na mimi nimejaliwa watu wanaosema "nakuja". Neno hili nimelitafakari sana nikiwa nimesimama na sufuria ya moto mikononi. Shuleni tulifundishwa kwamba "na" huonyesha tendo linalotendeka sasa. Nyumbani kwangu "nakuja" ni salamu tu. Humaanisha kwamba mtu amekusikia, hana ubaya nawe, na anaendelea na shughuli zake. Binti mkubwa husema "nakuja" akiwa bafuni na maji yanatiririka. Mwanangu wa pili husema "nakuja" akiwa chini ya blanketi, na sauti yake hutoka kama ya mtu aliyeko Naivasha. Mke wangu husema "nakuja" akiwa mbele ya kioo, akitafuta ile skafu ya kwaya ambayo huwa haipotei siku nyingine isipokuwa Jumapili. Kitindamimba ndiye pekee anayefika, lakini hufika kuuliza kama sosi ya tomato imekwisha.

Wanapokusanyika, ninakuwa nimesimama kando ya kitu bapa chenye makunyanzi, nikieleza kwa mikono jinsi kilivyokuwa kirefu. Hakuna hali inayomshusha baba hadhi kuliko hiyo. "Ilifika hapa," husema, nikionyesha kifuani. Wananiitikia kwa sauti ile inayotumiwa kwa wazee wanaosimulia walivyokuwa mabingwa wa mbio shuleni. Nilijaribu kuwaita robo saa mapema; wakaja mara moja, wakaona meza tupu, wakarudi walikotoka, na kuwarejesha ikawa kazi mpya. Nilijaribu kupiga picha kupitia kiooni. Picha ikaonyesha tochi yangu na pua yangu. Nilijaribu video, simu ikanijulisha kwamba nafasi imejaa, na nilipochunguza nikakuta imejaa maua ya "habari ya asubuhi" kutoka kikundi cha harambee ambacho nilikwisha kukichangia mara mbili.

Usisahau kwamba jambo hili lina gharama. Mayai sita ni sehemu ya tano ya trei nzima. Oveni yetu ni ya stima, ya kilowati mbili, kwa hiyo kuipasha na kuoka kunaondoka na uniti nzima hivi ya tokeni, na mara mbili tokeni zimekatika dakika ya kumi na mbili, wakati kilima kilipokuwa kinaanza kuinuka. Kisha kuna sufuria zilizohamishwa kutoka ndani ya oveni, ambazo hushinda Jumapili nzima zimepangwa juu ya kochi kama wageni waliokuja kuposa.

Jina lake ndilo lililoniletea balaa kubwa zaidi. Wamarekani huiita Dutch baby, yaani mtoto wa Kiholanzi, ingawa Uholanzi haihusiki kabisa. Asili yake ni pankeki za Kijerumani, na inasimuliwa kwamba jina lilizaliwa katika mkahawa wa familia ya Manca mjini Seattle, mwanzoni mwa karne ya ishirini, binti wa mwenye mkahawa aliposhindwa kulitamka neno "Deutsch", ambalo ni Kijerumani kwa lugha ya wenyewe. Nilipolisoma hilo nilijivuna kwa niaba ya Kiswahili, kwa sababu wazee wetu walilisikia neno hilohilo wakalifanya "Mdachi", na walipomwita mtu Mdachi walimaanisha Mjerumani, bila kumsingizia Mholanzi. Basi nami nikaibatiza mtoto wa Kidachi, nikawa ninalitumia jina hilo nyumbani kwa madaha, bila kufikiri kwamba kitindamimba huzungumza na bibi yake kwa simu kila Ijumaa.

"Kukhu," alimwambia, kama nilivyokuja kuarifiwa, "Baba siku hizi ana mtoto wa Kidachi. Kila Jumapili anaamka mapema kumshughulikia, na Mama anasema anamaliza pesa."

Jumamosi moja ya Agosti mama yangu mzazi akashuka kwenye matatu kutoka Kakamega akiwa na mkungu wa ndizi, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, na leso mpya iliyokuwa bado inanukia duka. Hakunisalimu kwa kirefu. Alimshika mke wangu mkono kwa huruma, akamwambia kwamba mambo haya yalikuwepo hata zamani na mtoto hana kosa, kisha akaketi akaomba aletewe huyo mtoto amwone, na leso ile ndiyo ya kumbebea. Mke wangu alikimbilia chumbani, na nilisikia kicheko chake kikizibwa na mto. Nikabaki mimi, mtu mzima mwenye mvi, kumweleza mama yangu kwamba mtoto ni pankeki. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani angependelea awe mtoto.

Asubuhi yake nilipoingia jikoni saa kumi na mbili nilimkuta amekwisha kuketi kwenye kigoda karibu na oveni, kwa kuwa yeye huamka wakati jogoo bado anajiuliza. Akanitazama nikipiga mayai sita. Alihesabu kwa sauti. Akauliza kitu hiki huliwa na mboga gani, nikamwambia huliwa na limau na sukari, au na asali ya Baringo, na kwamba Waingereza huoka uji kama huohuo katika mafuta ya nyama wakaula na nyama ya ng'ombe. "Hao wana akili," akasema. Akaongeza kwamba unga, mayai na maziwa, ukiongeza maji, ni chapati ya maji, aliyokuwa akitupikia kwa moto wa kuni kabla mimi sijajua kufunga vifungo vya shati. Sikumjibu. Nilipiga magoti na tochi yangu.

Dakika ya ishirini nilifungua mlango, na mtoto wa Kidachi akatoka akiwa mkubwa kuliko siku zote, kingo zikiwa zimevuka sufuria kwa kimo cha kiganja, katikati kumetuna, siagi bado inachemka pembeni. Niliwaita wenzangu. "Nakuja," ikasikika kutoka pande tatu za nyumba. Lakini safari hii sikujali, kwa sababu mama yangu alikuwa pale, amekaa, ana sahani, macho yake mawili yanaiona. Nikashika kisu nimkatie kipande cha kwanza.

Akanizuia mkono. "Ngoja kwanza, mwanangu. Hii bado haijatulia."

Nikamsihi kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa kuliwa. Akasema chakula chenye hewa namna hiyo hukaa vibaya tumboni. Tukakaa wawili, mama na mwana, tukaitazama ikishuka; ilianza katikati kwa kuhema kidogo, halafu kingo zikalegea upande mmoja baada ya mwingine, hadi ikawa bapa kabisa. Ndipo akaivuta sufuria kwa ile leso mpya, akajikatia kipande kikubwa, akaomba chumvi.

Watoto wakaingia, mama yao akifuata na skafu yake. Binti mkubwa akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akaniuliza kwa heshima kama leo nayo ilikuwa imefura. Sikufungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilikuwa na shahidi, mtu mzima, mshiriki mwaminifu wa kanisa, asiyejua kusema uongo. Nikamgeukia.

"Ni kweli," mama akasema, akitafuna pole pole. "Alikuwa amevimbiwa, lakini sasa amepona."