John Force: mataji 16 ni yake au ni ya hela na mafundi?

John Force alitangaza kuacha mbio Novemba 2025, ana miaka 76, na kama kawaida yake hata kuondoka kwake kumeacha watu wanabishana. Kuna wanaosema huyu ndo mkali kuliko wote waliowahi kukalia gari la dragi Marekani, mataji 16 ya Funny Car, ushindi 157, na kwenye daraja hilo hakuna hata anayemsogelea. Alafu kuna wanaosema jamani taratibu, mzee alikuwa na hela, alikuwa na fundi hatari, alikuwa na magari mengi kwenye mashindano hayo hayo, na mwisho aling'ang'ania usukani mpaka ukataka kuondoka naye. Mimi naona pande zote zina pointi, ila zinagombana kuhusu kitu ambacho sio chenyewe, ntafika huko.

Kwa asiyefuatilia haya mambo, mbio za dragi ni magari mawili, njia mbili, mstari umenyooka, anayetangulia kufika anaendelea na aliyepigwa anafungasha. Funny Car kwa nje inafanana na gari la kawaida kidogo lakini ile bodi ni ganda tu la kaboni, linainuliwa lote dereva aingie. Ndani kuna injini ya V8 ya lita 8 na kitu, ina supachaja juu (mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), inakunywa naitromithani badala ya petroli, na inatoa zaidi ya hosipawa 11,000. Dereva kakaa nyuma ya hiyo injini, yaani ikilipuka inalipukia mbele ya uso wake, na inalipuka mara nyingi tu. Futi 1,000, kama mita 305 hivi, zinaisha chini ya sekunde 4 na gari linakuwa limeshapita kilomita 500 kwa saa. Sisi tuliozoea kuangalia Safari Rally, magari yanakula vumbi Naivasha siku nzima, lazima ujiulize mtu anayefanya kazi sekunde nne anaitwaje dereva bora wa dunia.

Na hiyo ndo hoja ya kwanza ya wanaombeza. Wanasema gari linajiendesha, kazi yote kaimaliza fundi kabla halijawashwa, kapanga mafuta kiasi gani, klachi ikamate vipi, hali ya hewa ikoje, dereva anakanyaga tu na kuomba Mungu. Kuna ukweli mkubwa hapo siwezi kukataa. Lakini angalia kinachotokea ndani ya zile sekunde. Kwanza taa, ukiwahi kabla ya kijani umetolewa, ukichelewa hata sehemu ndogo sana ya sekunde unaweza kupigwa na mtu ambaye gari lake ni la polepole kuliko lako. Pili, na hapa ndo wanaume wanapotengana na wavulana (na wanawake pia, tutafika kwa mabinti zake), tairi zikipoteza mshiko zinaanza kuzunguka bure, moshi unajaa, gari linaanza kwenda upande, na dereva inabidi aachie pedali, alisikilizie gari, akanyage tena kidogo, huku mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unatafuta mpini wa breki, ukikosea unakula ukuta. Kwenye mbio za namna hiyo, zile ambazo magari yote mawili yameharibikiwa njiani, Force alikuwa mchawi, hata wasiompenda wanakubali.

Sasa njoo kwenye fundi. Force kazaliwa 1949 California, familia ya hali ya chini, utotoni kaugua polio, ukubwani akawa dereva wa lori. Alianza mbio kwa spea za mkononi na udhamini wa kuokoteza, mmoja ulikuwa wa duka la redio linaitwa Leo's Stereo, na miaka hiyo alijulikana zaidi kwa kuwasha moto kuliko kushinda. Alifika fainali 9 akapoteza zote tisa. Mwaka 1985 akampata fundi Austin Coil, 1987 akashinda kwa mara ya kwanza kule Montreal, 1990 taji la kwanza, alafu ndo mvua ikaanza, 1991, akapigwa na Cruz Pedregon 1992, kisha kuanzia 1993 mpaka 2002 akachukua kila mwaka bila kuacha. Miaka kumi mfululizo. Mwaka 1996 peke yake alishinda mashindano 13 kati ya 19.

Wanaombeza wanakuja hapo hapo, wanakwambia huyo Coil alikuwa bingwa kabla hata hajamjua Force, kachukua taji 1982 na 1983 na dereva mwingine, Frank Hawley, kwenye gari la Chi-Town Hustler. Kwaiyo ukiwauliza, Force kapanda basi ambalo tayari linatembea. Hii ni hoja nzuri na ukiitazama haraka inamaliza ubishi. Shida yake ni mbili. Coil alikuwa huru kwenda popote, kwanini aende kwa jamaa ambaye hajawahi kushinda hata kimoja? Na ya pili, Coil aliondoka baada ya msimu wa 2010, watu wakasema sasa tutaona, na 2013 mzee akachukua taji la 16 ana miaka 64 na Coil hayupo. Basi lilikuwa linatembea bado.

Upande wa magari mengi wapinzani wana nguvu zaidi, mimi hapa nawapa. Kuanzia 1996 alipomuweka Tony Pedregon kwenye gari la pili, timu ilikuwa na uwezo wa kujaribu kitu kwenye gari moja na kukitumia kwenye lingine, data mara mbili, baadae mara tatu na nne. Mtu mwenye gari moja na wadhamini wawili hawezi. Na kuna ile ya Indianapolis 2009, U.S. Nationals, mashindano makubwa kuliko yote kwenye mchezo huu. Force alikutana nusu fainali na Robert Hight, dereva wake mwenyewe na mkwe wake wakati huo, ambaye alikuwa anahitaji ushindi ili aingie kwenye mchujo wa mwisho wa ubingwa. Hight akapita, Cruz Pedregon akabaki nje, na mdogo wake Tony, ambaye alishaondoka kwenye timu ya Force baada ya kuchukua ubingwa wa 2003 humo humo, akamvaa mzee mbele ya kamera akimwambia umeachia makusudi. Walirushiana maneno makali. Hight akaenda akachukua ubingwa wa mwaka ule.

Aliachia? Kila mtu ana jibu lake. Mimi nasema hivi, hata kama hakuachia, ukiruhusu mtu mmoja amiliki magari manne kwenye mashindano ya kutoana, siku moja lazima wakutane wawili wa nyumba moja na mmoja ana shida, na hakuna atakayeamini matokeo. Hilo ni kosa la NHRA wenye ligi kuliko la Force. Ila wanaotumia 2009 kufuta mataji yote wasome tarehe vizuri, mataji matano ya kwanza, 1990 mpaka 1995, hakukuwa na gari la pili. Alikuwa yeye, Coil, na gari moja.

Tukija kwenye ajali, hapa ubishi unabadilika sura. Machi 2007 Eric Medlen, dereva kijana wa timu, alikuwa anafanya majaribio Gainesville, tairi likaharibika gari likatikisika kwa nguvu kiasi kwamba kichwa kilikuwa kinagonga vyuma kushoto na kulia. Alifariki siku chache baadae. Baba yake, John Medlen, alikuwa fundi kwenye timu hiyo hiyo, na ndiye aliyekwenda kukaa chini na wataalam kutengeneza upya vyuma vinavyomzunguka dereva, upana, mito ya kichwa, kila kitu. Septemba mwaka huo huo Force mwenyewe akapata ajali Ennis, Texas, akiwa anashindana na Kenny Bernstein, gari likakatika vipande viwili, mzee kavunjika kifundo cha mguu, kaumia mkono na vidole. Wengi wanaamini bila yale mabadiliko asingetoka. Mwaka uliofuata dereva mwingine, Scott Kalitta, akafariki mbioni Englishtown na ndo umbali ukapunguzwa kutoka futi 1,320 hadi 1,000.

Force alikuwa na miaka 58 alipovunjika. Mtu yeyote angesema basi. Yeye akarudi 2008, akafika fainali Atlanta akakutana na binti yake Ashley, akapigwa, na Ashley akawa mwanamke wa kwanza kushinda kwenye Funny Car. Alafu 2010 akachukua taji tena. Brittany, binti mwingine, baadae kachukua ubingwa wa Top Fuel, daraja jingine la dragi, mara mbili, 2017 na 2022. Yaani urithi ulikuwa upo tayari, gari lina watu, kwanini mzee anaendelea?

Na hapa ndo nilipokuwa naelekea. Watu wanamjadili kama dereva wakati kazi yake kubwa ilikuwa kuongea. Force akishuka kwenye gari akishika maiki hakuna wa kumnyamazisha, mwaka 1992 Memphis gari lake limeungua anatoka anaanza kuwaambia watu kamuona Elvis, yule mwanamuziki aliyekufa zamani, kwenye futi elfu moja. Watu walicheka, wadhamini walisikiliza. Castrol, kampuni ya oili, walikaa naye miaka mingi sana kwa sababu ya hiyo domo, na hela ya Castrol ndo ilimlipa Coil, ndo ilinunua gari la pili, ndo ilijenga karakana. Kwaiyo ukisema "alishinda kwa sababu ya hela" umesema kweli, ila hela hakuikuta mezani, aliitafuta mwenyewe akiwa hana kitu, na kwenye mchezo ambao injini inafumuliwa na kufungwa upya kila baada ya mbio moja, kuitafuta hela ni nusu ya mchezo. Hili wapinzani wake hawalioni.

Lakini mashabiki nao hawaoni upande wa pili wake. Biashara ikisimama juu ya mdomo na sura ya mtu mmoja, huyo mtu hawezi kushuka. Mwisho wa 2014 Castrol na Ford waliondoka wote pamoja, na nani alienda kuwatafuta wengine? Msimu wa 2020 korona ilipoingia timu ilikaa pembeni karibu mwaka mzima, alikuwa na miaka 71, mlango wa kutokea uko wazi kabisa, akarudi 2021. Juni 2024, ana miaka 75, kashinda New England Nationals, wiki chache baadae huko Virginia injini ikalipuka mwisho wa mbio, gari likapiga kuta, akaumia ubongo. Wanaosema ni uzee hawana ushahidi, injini hailipuki kwa sababu dereva ana mvi, na mtu aliyetoka kushinda mwezi huo huo huwezi kumwambia mikono imechoka. Ila ubongo wa miaka 75 hauponi kama wa miaka 30, na hilo halihitaji ubishi wowote, alijua, familia ilijua, wadhamini pia walijua na bado jina lake ndo lilikuwa linauza.

Msimu huo huo wa 2024, mzee yuko kwenye matibabu, Austin Prock akachukua ubingwa wa Funny Car kwenye gari la timu ya Force. Wale wa upande wa "ni timu sio dereva" walishangilia kama wamepewa ushahidi wa mwisho, na mimi nawauliza, hiyo timu aliijenga nani?