Mnywaji mkongwe akianza kusahau, tusifunge faili mapema

Mtu wa miaka 65 aliyekunywa pombe miaka 30 akianza kupotea njia ya kwake, kuuliza swali lilelile kila baada ya dakika kumi na kutembea huku amepanua miguu, nyumbani watasema pombe imemmaliza. Mara nyingi zahanati nayo itakubali.

Hukumu hiyo ina msingi. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama wagonjwa zaidi ya 57,000 waliopata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili kwa ugonjwa wa ubongo, kabla ya miaka 65, na asilimia 57 yao walihusishwa na unywaji wa kupindukia. Uingereza, watu 550 walifuatiliwa kwa miaka 30: waliokunywa yuniti (kipimo cha pombe halisi kilichomo kwenye kinywaji) 14 hadi 21 kwa wiki walikuwa na uwezekano mara tatu wa kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, kuliko wasiokunywa. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ni kama yuniti mbili na nusu, kwa hiyo tunazungumzia chupa sita hadi nane kwa wiki. Mtaani huyo haitwi mlevi. Uzeeni maji ya mwili hupungua, na chupa ileile hupiga zaidi.

Lakini kinachoonekana kwa mgonjwa si pombe peke yake. Seli za ubongo huhitaji thiamini, yaani vitamini B1, ili kuigeuza sukari kuwa nguvu, na akiba ya mwili mzima ni miligramu 30 hivi, ya wiki mbili tatu tu. Gongo au chang'aa haina thiamini hata chembe. Mnywaji hula kidogo, utumbo wake hufyonza kidogo, ini lililochoka haliweki akiba, na magnesi, madini yanayoisaidia thiamini kufanya kazi, inayopotea kwenye mkojo huifanya hata thiamini iliyopo ishindwe kazi. Hapo huja hali aliyoieleza daktari Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1881, ikaitwa kwa jina lake: kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kukwama, na kuyumba. Ikiachwa hugeuka Korsakoff: mambo mapya hayashiki kichwani, na mgonjwa huziba pengo kwa habari za kubuni anazoziamini mwenyewe. Ndugu humwona mwongo.

Wanafunzi wa udaktari hukaririshwa dalili hizo tatu kana kwamba huja pamoja. Mwaka 1986, Clive Harper na wenzake wa Australia Magharibi walichambua visa 131 vya Wernicke vilivyogunduliwa kwa kupasua maiti. Wenye dalili zote tatu walikuwa asilimia 16. Maana yake, daktari anayesubiri zitimie ndipo aandike thiamini atawakosa watano kati ya kila wagonjwa sita. Na kweli, takriban asilimia 80 ya watu hao hawakuwa wametambuliwa wakiwa hai. Kuyumba na kuropoka hufanana mno na ulevi wenyewe, kwa hiyo mgonjwa hulazwa pembeni "pombe zimtoke", na saa zinakwenda.

Vidonge havimfai mgonjwa wa namna hiyo. Hata utumbo mzima hufyonza kama miligramu 4 na nusu tu kutoka dozi moja kubwa. Inayotakiwa ni ya mshipani: miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku tatu hadi tano. Penye ampulu (vichupa vya dawa ya sindano) za miligramu 100, tano huchanganywa kwenye mililita 100 za salini, maji ya chumvi ya dripu, na kupitishwa kwa dakika 30. Ampulu moja ya kuaga mgonjwa ni sadaka, si tiba. Dripu ya glukosi peke yake hukomba thiamini iliyosalia, hivyo thiamini itangulie au ziende pamoja; ila sukari ikiwa imeshuka, glukosi haisubiri. Magnesi nayo irudishwe. Macho hutulia ndani ya saa au siku chache, kuyumba huchukua wiki, kumbukumbu miezi.

Wanaokata tamaa wana haki kwenye Korsakoff iliyokomaa: karibu robo ya wagonjwa hawapati nafuu ya maana. Robo nyingine hupona vizuri, waliobaki nusunusu. Nje ya Korsakoff, picha za ubongo za mashine ya MRI huonyesha ubongo uliosinyaa ukirudisha sehemu ya ujazo wake, hasa mwezi wa kwanza wa kuacha pombe.

Kuacha nako si kumfungia mzee chumbani. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48, na siku ya pili hadi ya nne kutetemeka, homa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Aachishwe chini ya uangalizi, kwa dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zinazopunguzwa hatua kwa hatua. Kama aliwahi kuanguka apigwe picha ya kichwa ya CT, kwani damu iliyovia taratibu juu ya ubongo nayo huleta usahaulifu.

Kupima kumbukumbu wiki ambayo bado anakunywa hakuna maana kubwa. Vigezo vilivyopendekezwa mwaka 1998 vinataka siku 60 bila pombe kabla ya kuandika dimenshia ya pombe. Mpimeni mwanzoni, kisha siku ya 60 kwa maswali yaleyale. Aliyesimama pale pale au kupanda, tatizo lake kubwa lilikuwa pombe na lishe. Anayezidi kushuka ilhali hanywi ndiye wa kuchunguzwa Alzheimer, aina ya dimenshia isiyotokana na pombe, na mishipa ya ubongo.