Kwa nini tunamsamehe mhusika tuliyekwisha kumpenda

Mwaka 1681 mshairi Nahum Tate aliichukua tamthilia ya Shakespeare iitwayo King Lear akaubadilisha mwisho wake. Katika maandishi ya Shakespeare, Cordelia, ambaye kati ya mabinti watatu wa mfalme ndiye pekee aliyempenda baba yake kwa dhati, ananyongwa gerezani, na baba mzee anakata roho kwa uchungu mbele ya maiti yake. Katika toleo la Tate binti huyo ananusurika, anaolewa na Edgar, na mfalme anarudishiwa ufalme wake. Toleo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi mwigizaji William Macready alipoirudisha kazi ya Shakespeare mwaka 1838. Samuel Johnson, aliyezihariri tamthilia za Shakespeare mwaka 1765, aliitetea hadhira iliyopendelea mwisho wa Tate, akakiri kwamba miaka mingi kabla ya hapo kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi cha kutojua kama aliwahi kuvumilia kuyasoma tena maonyesho ya mwisho, mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha.

Ni rahisi kuwaona watazamaji wale kuwa watu wa moyo mwepesi waliotaka kubembelezwa, lakini sidhani kwamba tunawazidi kwa lolote. Sisi pia hukerwa mwema anapoteswa bure na mwovu anapoondoka akicheka, na kero hiyo hupunguza utamu wa hadithi hata kama imetungwa kwa ustadi mkubwa. Swali ni kama kero hiyo inatokana na maadili yetu, au na kitu kingine kinachovaa joho la maadili.

Jibu lililojadiliwa zaidi miongoni mwa watafiti wa mawasiliano lilitolewa na Dolf Zillmann na wenzake kuanzia miaka ya 1970. Kwa maelezo yao, mtazamaji hukaa kama hakimu asiyechoka: hupima matendo ya kila mhusika, huwapenda ambao matendo yao anayaidhinisha na huwachukia ambao matendo yao anayalaani, kisha humtakia mema yule anayempenda na kumwombea mabaya yule anayemchukia. Furaha huja pale matokeo yanapolingana na matarajio hayo. Mwaka 1975 Zillmann na Jennings Bryant waliwaonyesha watoto ngano ya wana wawili wa mfalme, mmoja mwema na mwingine mwovu, ambamo mwovu hupewa adhabu hafifu, adhabu inayolingana na kosa lake, au adhabu kali kupita kiasi. Watoto wa miaka saba na minane waliifurahia zaidi hadithi yenye adhabu ya haki, ilhali wale wa miaka minne walifurahi zaidi kadiri adhabu ilivyozidi kuwa kali. Tofauti hiyo ililingana na mafundisho ya mwanasaikolojia Jean Piaget, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza jinsi mtoto mdogo anavyodhani kwamba adhabu nzito ndiyo haki, kabla ya kukua na kuanza kupima uwiano kati ya kosa na malipo.

Huo ni ushahidi wenye uzito. Unaonyesha kwamba maadili hayapachikwi juu ya burudani baada ya hadithi kwisha, bali yamo ndani ya furaha yenyewe, na kwamba hadithi ileile humpendeza au kumuudhi mtu kulingana na kiwango alichofikia cha kuelewa haki.

Hata hivyo, nadharia hiyo hupata taabu inapokutana na Sungura wa ngano zetu. Sungura hulaghai, huiba, humwacha mwenzake anaswe mtegoni, nasi tuliolelewa kwa hadithi zake hatukuwahi kumwombea akamatwe. Taabu huongezeka inapofikia tamthilia za televisheni ambazo mhusika wake mkuu ni mhalifu. Katika Breaking Bad, iliyorushwa nchini Marekani kati ya mwaka 2008 na 2013, mwalimu wa kemia aitwaye Walter White anagundulika kuwa na saratani ya mapafu, akaanza kutengeneza dawa za kulevya ili aiachie familia yake fedha. Kadiri hadithi inavyosonga anaua, anamtazama msichana akikata roho bila kumsaidia, na anamtilia sumu mtoto mdogo. Hakimu wa Zillmann alipaswa kumkana mapema. Mamilioni ya watazamaji walibaki upande wake.

Mtafiti wa mawasiliano Arthur Raney, katika makala ya mwaka 2004, alipendekeza mpangilio huo ugeuzwe. Aliona kwamba mara nyingi kupenda hutangulia na hukumu hufuata. Mtazamaji ana uzoefu wa hadithi nyingi, kwa hiyo humtambua mhusika mkuu tangu dakika za mwanzo, kwa namna anavyotambulishwa, kwa muda anaopewa, hata kwa muziki unaomsindikiza, na akishampa moyo wake huanza kuyasoma matendo yake kwa jicho la huruma. Hapo huingia mbinu ambazo mwanasaikolojia Albert Bandura alizieleza alipochunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotenda ubaya huku wakijiona wema: kosa hupewa lengo tukufu, huitwa kwa jina laini, hulinganishwa na kosa kubwa zaidi la mwingine, au aliyedhulumiwa hulaumiwa kwa kudhulumiwa kwake. Mtazamaji wa Breaking Bad huzitumia zote. Walter anafanya kwa ajili ya familia. Wapinzani wake ni wakatili kumzidi. Yule msichana alikuwa akimtishia. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na nyani mwenyewe anaamini kwamba anahukumu kwa haki.

Naona maelezo ya Raney yako karibu zaidi na ukweli, ila hayaondoi maadili kwenye burudani kama baadhi ya wasomaji wake wanavyodhani. Mtu asiyejali maadili hahitaji visingizio. Kule kuhangaika kumtafutia mhusika sababu kunaonyesha kwamba dhamiri ingali macho, na kwamba hatuwezi kumfurahia mtu tunayemwona mwovu mtupu pasipo kwanza kumfunika kwa kitambaa fulani. Kinachobadilika ni aina ya maadili yanayoshika usukani. Haki, ambayo huwapima wote kwa mizani moja, hurudi nyuma, na uaminifu kwa mtu wetu ukachukua nafasi yake. Uaminifu nao ni tunu ya kimaadili, lakini una upofu wake.

Upofu huo ulijitokeza wazi kwa Skyler, mke wa Walter. Ndiye aliyekataa, aliyehoji, aliyeogopa kwa ajili ya watoto wake. Kwa kipimo chochote cha kawaida alikuwa na haki kuliko mumewe. Bado watazamaji wengi walimchukia kwa ukali, kwa sababu alisimama njiani mwa mtu waliyemshabikia. Chuki hiyo ilivuka kioo ikamfikia mwigizaji Anna Gunn, aliyeandika katika gazeti la The New York Times mwaka 2013 kuhusu matusi na vitisho alivyoelekezewa yeye binafsi. Hili linanisumbua kuliko mauaji yote ya kubuni yaliyomo katika tamthilia ile. Mauaji yalikuwa ya wahusika, lakini vitisho vilimlenga mwanamke mwenye damu na nyama, na naamini baadhi ya waliovituma walijiona watetezi wa haki.

Je, basi, watungaji wazuiwe kutupendezesha waovu? Jibu la ndiyo lina umri mrefu. Plato aliwahofia washairi kwa sababu walilisha hisia ambazo mtu mwadilifu hujitahidi kuzitawala. Studio za Hollywood zilijiwekea kanuni mwaka 1930, zikaisimamia kwa ukali tangu 1934 hadi ilipoachwa mwaka 1968, na mojawapo ya misingi yake ilikuwa kwamba huruma ya watazamaji isielekezwe kamwe upande wa uhalifu au dhambi. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wajinga. Walielewa vizuri, hata kuliko watetezi wengi wa uhuru wa sanaa, kwamba huruma huweza kununuliwa kwa mpangilio wa picha na kwamba mtu aliyepewa huruma yetu hupewa pia msamaha wetu.

Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikwenda njia ya wastani: kazi inayoonyesha uovu bila kuulaani ipasavyo imepungukiwa kama sanaa, kwa kuwa msomaji hawezi kuingia katika hisia anazotakiwa kuwa nazo. Mwanafalsafa Daniel Jacobson aliujibu mwelekeo huo mwaka 1997 akidai kwamba baadhi ya kazi zina thamani kwa sababu hasa zinatupa mtazamo wa kimaadili ambao tungeukataa, na kwamba kuuondoa ubaya huo ni kuiharibu kazi yenyewe. Nakubaliana na Hume kwamba upinzani wa dhamiri huvunja utamu. Ila yeye alidhani dhamiri hukaza mlango, wakati mifano ya karibuni inaonyesha kwamba mlango hufunguka kwa urahisi wa kutisha mwenye kubisha akiwa ni mtu tuliyezoea kumwona.

Lakini kukataza kungetunyima jambo ambalo hadithi ya mtu mwema aliyelipwa wema haiwezi kutupa. Aristotle alishasema kwamba anguko la mwovu kabisa halitutii huruma wala hofu, na kwamba anayetugusa ni mtu wa katikati, asiyekuwa malaika wala shetani, aliyeponzwa na kosa. Mtafiti wa mawasiliano Mary Beth Oliver na wenzake wametofautisha kufurahia na kuthamini: kuna kazi tunazozimaliza tukiwa na uzito moyoni, hatuwezi kusema zimetuburudisha, na bado tunaziheshimu kuliko zile zilizotuchekesha. Mwisho wa Tate uliwafurahisha watu kwa vizazi vingi, na sina sababu ya kuwabeza. Ila Cordelia wa Tate hakumwachia mtu yeyote jeraha kama lile alilolibeba Johnson, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kulifungua tena tendo la mwisho, na alipolifungua kama mhariri aliliacha lisomeke kama Shakespeare alivyoliandika.