Mahuru si waasherati

Jumapili iliyopita kanisani tulisoma habari za Stefano, Matendo sura ya 6. Biblia ya Kiswahili inasema miongoni mwa waliojadiliana naye walikuwamo watu wa sinagogi la Mahuru. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambamo wanaitwa "Libertines". Akatazama kamusi kwenye simu, kisha akaninong'oneza: "Shangazi, kumbe hawa walikuwa waasherati?"

Sijatulia tangu siku hiyo.

Kwa Warumi, "libertinus" alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Basi. Mtu aliyeuzwa, au aliyezaliwa utumwani, kisha akaupata uhuru wake. Kiingereza kililipokea neno hilo na maana yake. Karne ya 16 likageuzwa silaha ya dini: mwaka 1545 Calvin, mwanamageuzi wa kanisa kule Geneva, alitoa kitabu kizima cha kuwashambulia watu aliowaita hivyo, wenye imani tofauti na yake. Karne ile ilipokuwa ikiisha, neno limeshakuwa la mtu afuataye tamaa bila haya. Jina la aliyefunguliwa minyororo likawa tusi! Mimi nasikia humo sauti ya mabwana: mfungue mtumwa, ataharibika.

Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, karibu na Kengeleni, ilipoanzishwa Freretown mwaka 1875 kuwapokea watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wazee wetu wale walilima, walijenga, walisomesha watoto. Uhuru uliwaharibu wapi?

Wala si neno hilo peke yake. "Lewd", mchafu wa matamanio, asili yake ni mlei tu, mtu asiye kasisi. "Villain", mtu mwovu, zamani alikuwa mkulima katika shamba la bwana. "Wanton", asiyejizuia, asili yake ni asiyefunzwa. Hilo sina ugomvi nalo, mtoto asiyefunzwa hata sisi tunamjua.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nasi tuna letu. Muungwana zamani alikuwa mtu asiye mtumwa, na leo ndilo jina tunalompa mwenye adabu, kana kwamba adabu ilikuwa ya waliozaliwa huru pekee. Linaniuma, na bado nalitumia.

Ibada ilipokwisha nilimshika mkono yule kijana, nikamfungulia Biblia yangu, nikamwomba aisome tena aya ile kwa sauti, polepole, mpaka afike kwenye Mahuru.